Shikamoo, Pacha

Saa ya mkononi inasema mbili,
mdomo wangu unasema nane za usiku,
na hawajagombana hata siku moja.
Dakta Ntulo angeanzia hapo
asingetupoteza wiki tatu nzima:
sisi tumezaliwa ndani ya fremu mbili,
tunavuka kutoka moja hadi nyingine kwa kujumlisha sita
kabla chai haijapoa.

Mtihani ni kesho. Hapana, ni leo.
Umeme umekatika tangu chakula cha jioni.
Iyunga yote giza, na mvua ya Februari
inahesabu mabati bila kuruka hata moja.
Nimeilaza simu juu ya ndoo, tochi inawaka.
Kihwele anaichukua, anatembea nayo hadi dirishani:
"Nimeusukuma mwanga. Umeongeza mwendo?"
Haujaongeza.
Anakimbia nayo korido nzima, kandambili zikipiga makofi,
watu wakimtukana kutoka vyumba vinne.
Haujaongeza.
"Mbishi huu, kama ng'ombe wa baba kule Ifunda,"
akapanda kitanda cha juu, akalala na soksi.

Swali la nne, mtihani wa mwaka juzi:
radi moja imepiga Mbalizi, nyingine Uyole.
Aliyesimama katikati, jukwaani stesheni,
ameziona pamoja.
Aliyeketi ndani ya behewa, treni ikikimbilia Uyole,
ameiona ya Uyole kwanza.
Nani mwongo?
Hakuna. Ndilo jibu, alama sita,
nami nimeliandika mara nne nikalifuta mara nne,
maana kwetu mashahidi wakitofautiana
lazima mmoja alipe jogoo.

Jioni alipiga Subilaga.
Anachuma chai Katumba.
Tulilala tumbo moja; nilimtangulia dakika kumi,
na kwa dakika kumi hizo nimemdai shikamoo
miaka ishirini na miwili,
hajailipa hata moja.

Nikamweleza: pacha mmoja apande chombo,
aende kwa sehemu nne za tano za kasi ya mwanga.
Akirudi, aliyebaki nyumbani ameongeza miaka kumi,
yeye sita.
Kimya. Nikasikia mvua ya kwao, nene kuliko yetu.
"Kwa hiyo aliyeondoka ndiye mdogo?"
"Ndiye mdogo."
"Basi niamkie."
Akacheka mpaka simu ikakatika.

Sasa nakokotoa.
Basi la Tukuyu kuja Mbeya, saa moja ya safari,
kilomita sitini kwa saa, tena kwa ukarimu, zile kona za Kiwira.
Tofauti kati yetu: sifuri, nukta, sifuri kumi na moja,
ndipo tano na sita. Za sekunde.

Haitoshi.
Haielezi vidole vyake wakati wa Krismasi,
weusi wa utomvu usiotoka hata kwa limau.
Haielezi mwenye duka aliyemwita yeye mama,
mimi akaniita dogo,
tumesimama bega kwa bega tukinunua sukari.
Nimerudia kipeuo. Nimepekua alama za kutoa.
Nimechukua ada yangu ya muhula
nikaigawa kwa malipo ya kilo moja ya majani mabichi:
kilo elfu nne na ushei.
Lakini vipimo vinagoma,
kushoto kilo, kulia miaka.
Dakta Ntulo angekata alama bila hata kuinua macho.

Chini huko treni ya mizigo inapita,
shaba ya Zambia, imechelewa saa kumi na moja,
kitanda kinatetemeka, penseli inabingirika.
"Saa ngapi?" Kihwele, kutoka juu.
"Kwa fremu ipi?"
"Ya mtu anayetaka kulala."

Kumi za alfajiri. Huko Katumba
keshaamka, anatafuta buti moja chini ya kitanda.
Naandika neno moja, natuma.
Narudi kwenye swali la nne.
"Hakuna," naandika, safari hii kwa kalamu ya wino.

Simu inatetemeka juu ya ndoo:
*Marahaba. Umekula?*